Saluni ya Sinza inayonyoa watoto wanaoogopa mashine (na wakubwa wao)

Wazazi wa watoto wenye usonji (autism) hapa Dar tunaulizana mambo mengi, shule ipi ina kitengo, daktari yupi ana subira, nani wa kumwachia mtoto ukipata msiba mkoani, ila kuna swali moja watu wa nje hawalitegemei kabisa, nalo ni mwanao ananyolewa na nani. Jibu langu kwa sasa ni saluni moja ndogo ya kiume ipo Sinza ya ndani, na hapa naiandikia rivyu. Jina sitaji, fundi mwenyewe kaniomba, anasema watu wakijaa pale utulivu unakufa na utulivu ndo kitu anachouza. Anayehitaji aulize wazazi wenzake, ataelekezwa tu, sisi tunajuana.

Kwa ambaye hajawahi kuishi na mtoto wa hivi ngoja nieleze kwanza kwa nini kunyoa nako ni vita. Mwanangu ana miaka minane, anaongea, anasoma, vituo vyote vya mabasi ya mwendokasi anavijua kwa mpangilio, ila kuna sauti na miguso ambayo kwake ni maumivu kabisa. Na hili halijatungwa na mama anayemtetea mwanae, kile kitabu cha vigezo cha madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 ya 2013, kinataja wazi kwamba hisia kuwa kali mno au kuwa chini mno kwa sauti, mguso, harufu au mwanga ni mojawapo ya dalili za usonji. Sasa mchukue mtu kama huyo umpeleke saluni ya kawaida Jumamosi jioni. Mashine ya waya, zile zenye sumaku ndani, ukiiwasha tu inapiga tak! halafu inaanza kunguruma, na hiyo ngurumo inawekwa juu ya mfupa nyuma ya sikio, kwa hiyo hata uzibe masikio bado unaisikia kwenye fuvu. Kitambaa cha nailoni kimekabwa shingoni. Vinywele vimeingia kwenye kola vinachoma. Feni linapuliza, TV inaonyesha marudio ya mechi, spika iko mlangoni, wateja wanabishana Simba na Yanga kana kwamba wanalipwa, na ukidhani mambo yameisha fundi anamwaga spiriti kwenye ngozi iliyotoka kukwanguliwa sasa hivi. Mimi nanyoa fupi kwa hiyo ile spiriti naijua vizuri, inanitoa machozi na sina usonji wowote.

Na usiniambie si umwache tu nywele zikue. Shule zetu za msingi za serikali zinataka nywele fupi, mtoto akienda na msitu kichwani anarudishwa nyumbani, au mwalimu anampitisha mkasi katikati ya kichwa ukamalizie mwenyewe. Kila mwezi lazima.

Saluni tuliyokuwa tunaenda zamani siitaji. Fundi wa pale ni mzuri kwa mitindo, sina ubishi, ila dawa yake kwa mwanangu ilikuwa ni kumshika, yeye kashika kichwa, kijana wake kashika mikono, mimi naambiwa mama shika miguu. Mtoto anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Halafu sasa wateja wanaosubiri, kila mmoja ana neno lake, mzee mmoja anasema huyo kadekezwa, mniletee mimi wiki moja tu atanyooka, kijana anacheka mtoto wa kiume analiaje hivyo, na dada mmoja aliyekuja na mume wake akanivuta pembeni kwa upole kabisa akaniambia dada yangu usikate tamaa, kuna mtumishi anaombea, hivyo vitu vinatoka. Ushauri ulikuwa mwingi sana siku ile. Rimoti ya TV ilikuwa mezani mbele yao wote na hakuna aliyenyoosha mkono kupunguza sauti.

Nalitaja hilo la rimoti kwa sababu huko kwingine watu walishaanza. Dada yangu anaishi Uingereza, ananiambia supamaketi za Morrisons tangu 2018 zilianzisha saa tulivu Jumamosi asubuhi, wanazima muziki, wanapunguza taa, hata ule mlio wa mashine za kulipia wanaushusha, basi. Haikuhitaji mtaalamu wala bajeti ya wafadhili. Sisi huku ni hodari wa fulana, tarehe 2 Aprili, siku ya usonji iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007, tunavaa buluu, tunapiga picha na mgeni rasmi. Niliwahi kwenda kwenye shughuli moja ya siku hiyo, watoto wenye usonji ndo wageni wa heshima, na spika walizofunga ni zile za harusi, DJ anatikisa mpaka viti vya plastiki vinatembea. Watoto nusu walikuwa nje na mama zao chini ya mwarobaini. Hotuba zilikuwa nzuri lakini.

Haya, turudi Sinza.

Kabla hujaenda unamwandikia fundi WhatsApp, na anakurudishia maswali. Mtoto nyumbani mnamwitaje. Hapendi kuguswa wapi. Anapenda nini, aongelee nini. Akielemewa anafanya nini kabla hajaanza kulia. Hilo la mwisho nilikaa nalo na simu mkononi, maana tumepita kwa watu wenye makoti meupe wengi na sikumbuki aliyewahi kuniuliza. Anashika masikio na anaanza kunong'ona vituo vya mwendokasi, nikamwandikia. Akajibu sawa mama, vituo navijua.

Siku ya kwanza hakunyoa mtu. Alizima TV, akamwachia mtoto azunguke na kile kiti cha kupanda na kushuka mpaka akachoka nacho, akampa mashine ikiwa imezimwa aishike, aipindue, ahesabu meno yake. Halafu akaiwasha akiwa yeye yuko mlangoni na mtoto yuko ndani, akazima. Akasogea hatua, akawasha, akazima. Ilipofika kwenye kiti hakuiweka kichwani, aliiweka kwenye mkono wa kiti ili mtoto ausikie ule mtetemo kupitia mbao, kisha kwenye kiganja chake mwenyewe, kisha akauliza niweke kwako? Mtoto akasema hapana. Akasema poa, tumemaliza leo. Hela hakuchukua. Mimi nimezoea watu wanaouliza ruhusa huku mkono umeshafika, kwa hiyo ile hapana ilivyokubaliwa kirahisi vile nilibaki nimeduwaa.

Tuliporudi ndo nikaona ufundi wake. Mashine anazotumia kwa hawa wateja ni za chaji, zile za mota ya kuzunguka, sauti yake ni nyembamba na haina ule mlio wa tak wakati wa kuwasha. Anazo mbili anabadilishana, kwa sababu kisu kikifanya kazi muda mrefu kinapata moto, na huo moto nyuma ya shingo ndo huwa unawarusha watoto kwenye kiti halafu watu wazima wanasema kashtuka nini. Kuzunguka masikio anatumia mkasi na kitana. Kitambaa cha nailoni hakuna, unakuja na shati kuukuu la baba yake, analivalisha kinyumenyume, vifungo mgongoni. Spiriti anasafishia vifaa vyake mapema kabla hamjafika ili harufu iwe imeisha, mtoto anafutwa na maji ya uvuguvugu na mafuta ya nazi kidogo.

Halafu mkono. Hili nilikuwa silijui. Mkono wake wa kushoto unakaa utosini umebana kwa uzito, hautembei tembei. Nikamuuliza, akasema kaka, samahani, dada, mguso mwepesi ndo unawaudhi, mzito unawatuliza, amejifunza tu kwa kunyoa. Baadaye nikakumbuka yule profesa wa Marekani wa mambo ya mifugo, Temple Grandin, ambaye naye ana usonji, akiwa kijana alijitengenezea mashine ya mbao ya kujibana mwili mzima ili atulie, wazo alilipata kwa kuona ng'ombe wanavyotulia wakibanwa kwenye kizuizi cha kuchanjia. Fundi wangu hajawahi kumsikia huyo mama ila wamefika sehemu moja.

Na vituo sasa. Mashine ikigusa kichwa fundi anaanza, Kimara, Korogwe, Bucha, Baruti, taratibu, kituo kimoja mpito mmoja, akifika Ubungo anainua mashine wanapumzika, abiria washuke. Shekilango, Urafiki, Tip Top, Manzese, halafu anaruka makusudi anasema Kagera, na mtoto wangu ambaye kwa kawaida hamwangalii mtu asiyemjua anageuka anamwambia Argentina! umeruka Argentina! Basi anaomba radhi kwa abiria wote, anarudi Argentina, Kagera, Mwembechai, Usalama, na kwa ujanja huo upande wa kulia unakuwa umeisha. Mpaka Kivukoni kichwa kimeisha. Kuna siku tuliishia Magomeni Mapipa, alishaelemewa, fundi akazima mashine akasema gari limeharibika, tutaendelea kesho, na mtoto akatoka mle nusu kichwa kimenyolewa nusu bado. Barabarani watu walitucheka weee. Kesho yake tukaanzia Magomeni.

Kuna jambo nililiona pale na sikulitegemea, nalo ni wateja watu wazima. Saa za asubuhi ukikaa pale kusubiri zamu unawaona, mmoja ana kitambulisho cha benki shingoni, mwingine mwalimu, mwingine fundi magari, wanaingia, salamu fupi, wananyolewa kimya TV imezimwa, wanalipa, wanaondoka. Hakuna cheti, hakuna aliyewaambia wana kitu gani. Nilimuuliza fundi hao nao wana usonji? Akasema mimi sijui dada, wao wanasema tu kelele zinawachosha.

Elaine Aron, mwanasaikolojia wa Marekani, tangu miaka ya 1990 anaandika juu ya watu waliozaliwa na hisia kali kuliko wengine, na yeye anawaweka kwenye asilimia 15 mpaka 20 ya watu wote. Wataalamu wengine wanabishana naye, sawa, ikate hiyo 15 nusu. Sensa ya 2022 iliikuta Dar ina watu milioni 5.38, kwa hiyo hata hiyo nusu ni zaidi ya laki nne ya watu mjini hapa ambao kelele, taa na kusukumwa sukumwa vinawamaliza nguvu. Usonji peke yake, WHO wanakadiria mtu 1 kati ya 127 duniani kwa mwaka 2021, kwa kiwango hicho Dar inakuwa na kama elfu arobaini na mbili. Wako wapi? Wako kwenye daladala wamejikausha. Wako kwenye kitchen party wamekaa karibu na mlango, wanaitwa wana maringo. Kuna shemeji yangu, mtu mzima na watoto wanne, akinunua shati kitu cha kwanza anakata lebo ya shingoni kwa wembe, kwenye harusi anapotea saa nzima utamkuta kwenye gari amefunga vioo, ukoo mzima unajua "shem ana tabia zake", na huyohuyo aliniambia mwanangu anahitaji fimbo. Hapo nikaishiwa nguvu nikanyamaza.

Sasa yale ambayo sijapenda, maana isije ikaonekana nimelipwa.

Bei ni elfu nane kwa mtoto. Mtaani kwetu mtoto ananyolewa elfu tatu, kwingine elfu mbili, kwa hiyo jirani zangu wote wanaona nimepigwa. Mimi sioni hivyo, yule kijana anafunga mlango, anatoa saa nzima ambayo angenyoa vichwa vinne, hiyo elfu nane bado anakula hasara. Ila naona uchungu upande mwingine, kwamba mama wa kule Mbagala mwenye mtoto kama wangu na anauza maandazi hiyo elfu nane hana na nauli ya kufika Sinza hana, kwa hiyo mwanae ataendelea kushikwa miguu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, na kwenye semina wanasema huduma zote zifikike, lakini tukisikia kufikika kichwani inakuja ngazi na kiti cha magurudumu tu, hakuna anayefikiria spika ya mlangoni. Mlango wa saluni ya zamani ulikuwa mpana sana.

La pili, umeme. Ukikatika, jirani wa pembeni anawasha genereta na mambo yanaishia hapo, hata fundi asubuhi anaangalia kwanza hali ya umeme ndo anathibitisha. Taa moja ya mrija pale ndani inapepesa, nimeshamwambia, anasema ataitoa, bado ipo. Choo hakuna, mnaazima kwa mama lishe wa nyuma. Na msithubutu kwenda Ijumaa jioni au wikiendi usiku, baa za eneo lile zikifungua mnajua wenyewe Sinza ilivyo, NEMC, wale wa baraza la mazingira, wanafungia leo kesho muziki umerudi.

La tatu ni la fundi mwenyewe, na nilimwambia usoni kwa hiyo halitamshangaza. Alianza tabia ya kumtangaza mwanangu kwa wateja wengine, huyu dogo mnamwona hivi, ni kompyuta, ni jiniasi, mwambieni awatajie vituo. Anamaanisha vizuri, najua. Lakini nimechoka, kwa bibi yake mtoto ana mapepo, saluni ni jiniasi, yaani hakuna mahali anaruhusiwa kuwa mtoto wa darasa la pili ambaye hesabu zinampiga chenga na anapenda chipsi. Na siku ambayo jiniasi ataelemewa akajitupa chini hapo kwenye vumbi, hao waliompigia makofi ndo watakuwa wa kwanza kusema kumbe ana shida. Nikamwambia kaka, mwite jina lake tu. Akaona aibu kidogo, akasema nimekuelewa dada, na kiukweli hajarudia.

Kuna siku pia alichelewa, alichukua mteja wa haraka haraka kwenye saa yetu, tukasubiri nje juani. Kwa mtoto mwingine robo saa ni robo saa. Kwa wangu alishaambiwa saa nne ni Kimara, saa nne ikapita Kimara haijafika, dunia ikavunjika, akalala chini anapiga kichwa. Nikawa nimekaa naye hapo chini nimemkumbatia kwa nguvu, watu wanazunguka, mmoja katoa simu anarekodi. Vijana wa bodaboda wa kijiwe kile ndo walinisaidia, mmoja akamwambia yule wa simu weka mfukoni hiyo, wengine wakasogeza pikipiki zao wakatengeneza kama ukuta, wakazima injini, wakatupa mgongo. Hawakuniuliza ana nini. Fundi alikuja akaomba radhi kwa mtoto kwanza kisha kwangu, siku ile hakunyoa na hakuchukua hela, na tangu hapo saa yetu ni saa yetu.

Kwa hiyo nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya ile taa.

Mkitaka kwenda, nendeni Jumatatu mpaka Alhamisi kati ya saa tatu na saa sita, mwandikieni siku mbili kabla, na mwambieni ukweli wote hata ule mnaouficha kwa ndugu, kwamba anauma, anatema, bado anavaa pampasi, ameshaona hayo yote hatawatazama vibaya. Chukueni shati la baba, taulo lenu, na kitu cha kutafuna. Ziara ya kwanza msitegemee nywele kutoka, kama kuna sherehe au shule inafunguliwa Jumatatu msimpeleke Jumamosi mkitarajia miujiza. Mtu mzima anayetaka kimya bei ni elfu tano na wala hajielezi. Na akikwambia wiki hii imejaa usimbembeleze akuingize katikati, subiri wiki ijayo, maana siku nitakayokuta ameanza kuchukua wawili kwa saa moja nitarudi hapa kuzipunguza hizo nyota mwenyewe.